Bundi na Tumbusi Wafundishapo: Jinsi ya Kuongoza Mafunzo kwa Ndege Wawindao

Katika sehemu nyingi za Kenya, bundi akilia juu ya paa usiku, watu wa nyumba hiyo hawapati usingizi. Husemwa kwamba ameleta habari ya kifo, na kukicha vijana hutoka na mawe kumtafuta mtini. Mwewe naye huchukiwa kwa kuwa hunyakua vifaranga, na tumbusi hudharauliwa kwa kuwa hula mizoga. Hivyo ndege hawa huuawa na watu ambao hawajapata kuwaona kwa karibu hata mara moja. Kusikia si kuona.

Kwa sababu hiyo wako watu waliochagua kufundisha kwa ndege walio hai. Huko Naivasha, kwa mfano, shirika liitwalo Kenya Bird of Prey Trust lina kituo ambamo ndege waliojeruhiwa hupokewa na kutibiwa, na wanaopona hurudishwa porini. Watoto wa shule hufika huko kujifunza. Makala hii yaeleza mambo yampasayo mtu atakaye kuongoza mafunzo ya namna hiyo.

Haja ya mafunzo haya

Mwaka 2022 wataalamu walitangaza matokeo ya kuhesabu ndege wawindao kandokando ya barabara za Kenya, wakilinganisha hesabu za miaka ya 1970 na zile za baada ya mwaka 2003. Kati ya aina 22 walizozichungua, aina 19 zilikuwa zimepungua. Tena, mwaka 2015 aina nne za tumbusi wapatikanao Kenya ziliandikwa katika orodha ya ulimwengu ya viumbe vilivyo katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Sababu ni nyingi: nguzo na nyaya za umeme, kupungua kwa makao yao, na hasa sumu. Mfugaji aliyeliwa ng'ombe wake na simba huutia mzoga dawa ya kuulia wadudu; simba huenda asife, lakini tumbusi kwa makumi hufa papo hapo.

Ndege afaaye

Ndege mzima asitolewe kiotani wala porini ili awe wa maonyesho. Wanaofaa ni wale wasioweza kurudi: aliyevunjika bawa likaunga vibaya, au aliyelelewa na watu tangu kinda hata akadhani kwamba mwanadamu ndiye jamaa yake. Ndege wa namna hii akiachwa porini hufa kwa njaa, au huwaendea watu akauawa. Tena, kwa sheria ya wanyamapori ya Kenya ya mwaka 2013, mtu hawezi kuweka ndege wa porini bila kibali. Basi kibali kipatikane kwanza, ndipo banda lijengwe.

Matunzo ya kila siku

Ndege mgonjwa hafundishi mtu. Kila asubuhi apimwe kwa mizani, na uzito wake uandikwe daftarini, kwa maana ndege huficha ugonjwa wake, na mizani huonya kabla ya macho. Chakula chake kisiwe nyama tupu, bali kiwe panya au kifaranga mzima pamoja na mifupa na manyoya. Asipopata mifupa, ya kwake hudhoofika. Panya waliookotwa mashambani wasitumiwe kamwe, kwa kuwa huenda wamekula sumu. Mti anaotulia ufungwe kamba au kitu laini, usije ukamtia vidonda nyayoni. Awe na kivuli, na maji ya kuoga.

Siku ya somo

Mwalimu huvaa glavu nene ya ngozi, na ndege hushikwa kwa vigwe vya ngozi vilivyofungwa miguuni. Watu waketi upande mmoja tu, hatua kadhaa mbali naye, ili ndege asijione amezingirwa. Mbwa wafungwe. Mtu asiruhusiwe kumgusa. Robo saa yamtosha ndege mmoja. Kisha apumzishwe, na mwingine aletwe. Akipanua mdomo na kuhema, akibana manyoya yake, au akiruka mara kwa mara na kuning'inia kwenye vigwe, somo lake limekwisha, hata kama mgeni mkubwa ndiyo kwanza amewasili. Mwalimu amwondoe mara moja na kueleza sababu. Jambo hilo lenyewe ni funzo, kwa kuwa watu huona kwamba kiumbe hiki chastahili kuheshimiwa.

Chombo bora cha kufundishia hakigharimu hata senti. Bundi humeza panya mzima, kisha hutapika kidonge cha manyoya na mifupa visivyosagika tumboni. Vidonge hivyo vikaushwe vizuri juani au motoni, kisha watoto wapewe vijiti wavifumue juu ya karatasi. Watakuta mafuvu, taya na meno. Mwalimu asiseme neno. Awaache wahesabu mafuvu wenyewe, kisha awaulize mahindi ya ghalani huliwa na nani. Mtoto aliyehesabu kwa mkono wake atakwenda kumweleza baba yake jioni hiyo.

Maswali ya wazee

Hapa ndipo walimu wengi hushindwa. Mzee akisema kwamba bundi huleta kifo, asichekwe, maana aliyechekwa hasikii tena. Aulizwe kwa adabu: ni usiku mangapi bundi amelia na watu wote wakaamka salama? Kisha aelezwe kwamba bundi hufuata panya, na panya hufuata nafaka za nyumbani. Nyumba yenye mgonjwa hukesha, na wanaokesha humsikia bundi ambaye jana na juzi alilia wakiwa wamelala.

Mama akilalamika kwamba mwewe amemaliza vifaranga vyake, mwalimu asikane. Ni kweli, wako wanaonyakua vifaranga. Mwalimu atakayesema kwamba ndege wote hawana hatia hatasadikiwa hata katika mambo mengine. Afadhali aonyeshe jinsi ya kufunika tundu kwa wavu mpaka vifaranga wakue. Hali kadhalika mfugaji asiambiwe tu kwamba sumu ni mbaya, kwani ng'ombe aliyeliwa ndiye karo ya mwanawe. Azungumziwe habari ya boma imara na ya kupiga ripoti kwa maofisa wa wanyamapori. Kisha aonyeshwe kwamba tumbusi humaliza mzoga upesi kabla haujaoza, na kwamba wasipokuwapo, mbwa na fisi huukalia muda mrefu na maradhi hupata njia ya kuenea.

Kupima kazi

Makofi ya wasikilizaji si kipimo, maana watu hupigia makofi hata mazingaombwe. Mwalimu na arudi katika kijiji hicho baada ya miezi kadhaa aulize: je, bundi wa mtini kando ya shule yungali hai? Je, mzoga wa mwisho ulitiwa sumu? Majibu yakiwa mabaya, asikate tamaa, bali atafute ni swali gani la wazee aliloliacha bila jibu. Na siku moja mtoto atakapotokea mlangoni na kikapu, ndani yake bundi aliyevunjika bawa, ambaye zamani angalipigwa mawe, hapo mwalimu ajue kwamba somo limeingia.