Akiba ya uzeeni: kabla ya kodi au baada ya kodi?

Ndugu Waislamu, Sura Yusuf inatusimulia namna Nabii Yusuf (a.s) alivyoelekeza chakula kihifadhiwe katika miaka saba ya neema kwa ajili ya miaka saba ya njaa. Kuweka akiba, basi, hakupunguzi tawakkul.

Hapa Ipogolo, kandokando ya barabara kuu iendayo Mbeya, wapo vijana walioajiriwa katika magereji, nyumba za wageni na maduka ya jumla. Ukiwauliza habari za NSSF, baadhi hujibu: "Bora nichukue changu mkononi, nitaweka mwenyewe." Wapo waajiri wanaoifurahia kauli hiyo, maana inawapunguzia gharama. Hebu tuitazame hesabu.

Chukua mfanyakazi wa sekta binafsi, Tanzania Bara, mwenye mshahara wa Sh. 600,000 kwa mwezi. Sheria inataka asilimia 20 iende NSSF. Kwa kawaida 10 hukatwa kwake na 10 hutoa mwajiri. Makato yake, Sh. 60,000, huondolewa kwanza, ndipo kodi ya mshahara (PAYE) ikokotolewe kwa Sh. 540,000 zilizobaki. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, kodi hiyo ni Sh. 24,000. Mkononi anabaki na Sh. 516,000.

Asiyeandikishwa hutozwa kodi kwa Sh. 600,000 zote, yaani Sh. 36,000, akabaki na Sh. 564,000. Amemzidi mwenzake Sh. 48,000 tu, ilhali mwenzake ameingiziwa Sh. 120,000 kwenye mfuko. Je, nani amepata na nani amepunjwa?

Pamoja na hayo, akiba ya baada ya kodi, unayoiweka mwenyewe, ina kazi ambazo mfuko hauzifanyi.

Kwanza, dhiki haisubiri umri wa miaka 55 au 60. Mtoto akiugua leo, pensheni haitamsaidia.

Pili, suala la halali. Fedha za mfuko huwekezwa na wengine, na sehemu huingia katika hatifungani za serikali zenye riba. Hapo mfanyakazi amelazimishwa na sheria. Hukumu ya ziada atakayolipwa amuulize mwanachuoni. Lakini fedha anazoziweka kwa hiari yake hana udhuru nazo. Aziweke penye kufuata sharia, mfano Amana Bank iliyoanza mwaka 2011.

Tatu, zaka. Akiba iliyo mikononi mwako, ikifika nisabu na kupitiwa na mwaka wa Hijiria, hutolewa asilimia 2.5. Ile ya mfuko usioweza kuigusa, wanazuoni wengi wa zama hizi wanaona haina zaka mpaka uipokee.

Kwa hiyo, ndugu yangu, usiache moja kwa ajili ya nyingine. Dai kuandikishwa, kwani mchango wa mwajiri ni sehemu ya ujira wako. Kisha katika kinachobaki, tenga hata Sh. 20,000 kila mwezi. Na usiishie kuona makato kwenye hati ya mshahara. Nenda ofisi ya NSSF uombe taarifa ya michango yako, ulinganishe mwezi kwa mwezi.

Nanyi waajiri Waislamu, kukata mshahara wa mtu kisha msiupeleke ni kula amana. Huyo mzee atakayekosa pensheni kwa sababu yenu atakudaini siku ambayo hakuna shilingi ya kulipia.

Wallahu a'lam.