SOMO LA AFYA: KIDONDA KIDOGO NA VIJIDUDU VIINGIAVYO NDANI YAKE



Msimu wa kuchuma ukikaribia kila mmoja wetu huwa na hesabu zake: wachumaji wangapi, majamvi mangapi, pishi ngapi kwa siku. Lakini kuna jambo moja ambalo hatulitii hesabuni, nalo ni vidonda. Mchumaji huparuzwa na tawi, mpaliliaji hujikata kwa jembe, na mtoto aliyetumwa makonyo hukanyaga msumari. Sisi husema, "Ni kidonda tu," na kazi ikaendelea. Somo la leo lahusu maneno hayo mawili, "kidonda tu", kwani yamekwisha kuwapoteza watu wengi.

Bakteria ni nini?

Bakteria ni vijidudu vilivyo hai, na kila kimoja kina chembe moja tu ya mwili. Ni vidogo mno. Vile viletavyo usaha, ukivipanga 1,000 katika mstari mmoja, mstari huo hautazidi sana milimita 1. Bakteria wengi hawana dhara, na walioko matumboni mwetu hutusaidia. Ngozi nzima ni kama ua wa nyumba. Kidonda ni mlango ulioachwa wazi. Basi tuwatazame watatu wapendao kupita mlango huo.

1. Stafilokoka. Mwaka 1882 tabibu wa upasuaji wa Scotland, Alexander Ogston, aliwapa jina hili kutokana na neno la Kiyunani lenye maana ya kichala cha zabibu, kwani katika darubini aliwaona wamesongamana hivyo. Mkulima wa hapa angaliweza kusema kishada cha karafuu. Hukaa puani na juu ya ngozi ya watu wengi wazima wasiougua. Wakiingia kidondani huleta usaha na majipu.

2. Streptokoka. Hawa hupangana kama shanga uzini. Huweza kuenea upesi: ngozi huvimba na kuwa moto, mtoki huuma, na homa hupanda. Mguu uliovimba hivi usingoje kesho. Hao hao ndio waletao baadhi ya maradhi ya koo kwa watoto.

3. Klostridiamu ya pepopunda. Huyu ndiye wa khatari kuliko wote, na makao yake ni udongo na kinyesi cha wanyama. Hufanya mbegu ngumu ziwezazo kulala ardhini miaka mingi. Shamba ambamo ng'ombe hufungwa chini ya mikarafuu lina mbegu hizo bila shaka.

Namna pepopunda inavyoua

Kijidudu hiki hakipendi hewa. Kwa hiyo tundu jembamba la msumari au la kijiti, lililoziba juu na kubaki na uchafu ndani, ndilo humfaa zaidi kuliko jeraha pana. Huko mbegu huamka na kutoa sumu, na sumu hufuata mishipa ya fahamu. Kwa kawaida dalili huanza baina ya siku 3 na 21, pengine kidonda chenyewe kimekwisha kupona. Kwanza taya hukaza na mgonjwa hushindwa kufungua kinywa. Kisha shingo na mgongo hukakamaa, na mwili hushtuka hata kwa mlio mdogo. Jina lina neno "pepo" ndani yake, lakini hii si kazi ya pepo. Ni sumu, na mgonjwa apelekwe hospitali saa ile ile. Maradhi haya hayaambukizi kutoka mtu kwa mtu, basi msiogope kumbeba.

Watoto wachanga pia hupatwa kwa njia ya kitovu. Kitovu kisikatwe kwa wembe mchafu wala kisitiwe majivu, udongo au kinyesi. Mtoto aliyekuwa akinyonya vizuri, kisha akashindwa kunyonya na mwili ukakaza, akimbizwe hospitali.

La kufanya

Kwanza, osha kidonda papo hapo kwa maji safi mengi na sabuni, ukitoa mchanga wote. Funika kwa kitambaa safi. Usitie majivu wala utando wa buibui.

Pili, kidonda kirefu kwenda chini, au chenye udongo, kipelekwe kituo cha afya siku ile ile hata kama hakiumi. Mweleze mganga lini ulichanjwa pepopunda mara ya mwisho. Huenda akakupa chanjo, ambayo huufundisha mwili kujikinga, na pengine sindano nyingine yenye kinga iliyokwisha kutengenezwa. Msingi wa sindano hii ya pili uliwekwa mwaka 1890 na Emil von Behring na Kitasato Shibasaburo huko Berlin.

Tatu, usinunue vidonge kwa kukisia. Mwaka 1928 Alexander Fleming, huko London, aliona ukungu ukiwaua stafilokoka, na hapo ndipo ilipoanzia penisilini. Leo stafilokoka wengi wamekwisha kuizoea, kwa sababu dawa za namna hii zimetumiwa ovyo. Meza dawa uliyoandikiwa mpaka iishe.

Nne, chanjwa kabla ya kuumia. Watoto hupata chanjo hii utotoni na wanawake hupewa wakati wa uja uzito, lakini wanaume wazima wengi hupitwa, nao ndio wapandao miti. Mtu mzima asiyewahi kuchanjwa huanza na sindano mbili, ya pili baada ya wiki 4 au zaidi. Ya tatu hufuata baada ya miezi 6, na nyingine baadaye. Aliyewahi kuugua pepopunda akapona naye achanjwe, kwani maradhi haya hayaachi kinga.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini tundu la msumari ni la khatari kuliko mkwaruzo mpana?
2. Kwa nini hatutii majivu kitovuni?
3. Katika nyumba yako, nani hajachanjwa?

Majibu ya maswali mawili ya mwanzo yamo humu. La tatu ulijibu wewe nyumbani, kabla mtu hajapanda mkarafuu.