SOMO LA KARO: Baba na Mwana Aliye Bwenini

Sifa njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wake. Ama baada ya haya:

Yajulikana kwa kila mwenye akili kwamba kumsomesha mwana ni deni lililo shingoni mwa baba. Lakini wako wengi wanaolianza deni hili kwa furaha siku ya kwanza, kisha likawashinda katikati ya mwaka. Mwana akarudishwa nyumbani, na baba akaenda kukopa kwa riba. Sababu yake si ufukara peke yake. Mara nyingi ni kwamba baba alihesabu karo, asihesabu yale yanayoifuata karo.

JAMBO LA KWANZA: KUIJUA KARO YENYEWE

Katika Kenya, kiwango cha juu cha karo ya skuli za kawaida za serikali zenye mabweni kiliwekwa mwaka 2015 kuwa shilingi 53,554 kwa mwaka. Desturi ya malipo ni nusu katika muhula wa kwanza, thalathini kwa mia katika wa pili, na ishirini kwa mia katika wa tatu. Kwa kiwango hicho, muhula wa kwanza wataka shilingi 26,777, wa pili 16,066, na wa tatu 10,711. Basi nusu ya mzigo wa mwaka mzima huangukia Januari. Na asiyeanza kuweka akiba tangu Septemba, Januari humkuta mikono mitupu.

Kadhalika, Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 yakataza skuli za serikali kutoza ada ya kufundisha. Malipo mengine yataka idhini ya Waziri, na kila malipo yatolewe risiti rasmi. Kwa hivyo baba akiletewa habari ya mchango mpya, si ukosefu wa adabu kuuliza kwa upole umeidhinishwa na nani, wala si dhana mbaya kutaka risiti na kuihifadhi.

JAMBO LA PILI: YANAYOIFUATA KARO

Gharama hizi ni mafungu matatu. La kwanza ni vitu vinunuliwavyo mara moja: sanduku la bati, godoro, blanketi, ndoo na kufuli. La pili ni vitu vichakaavyo: viatu, sare, shuka na madaftari. La tatu ni vitu virudivyo kila muhula: sabuni, dawa ya meno, pesa za mkononi na nauli.

Katika yote hayo, nauli ndiyo isahauliwayo zaidi. Mwana wa Lamu asomaye Nairobi husafiri mara sita kwa mihula mitatu, kwenda na kurudi. Akija nyumbani pia katika mapumziko mawili ya katikati ya muhula, safari zake huwa kumi. Ikiwa kila safari hula shilingi 2,000 pamoja na chakula cha njiani, hizo ni shilingi 20,000, nazo zazidi karo ya muhula wa pili iliyotajwa juu. Lakini akipata kupumzika kwa jamaa aliye karibu na skuli, safari nne huondoka, na udugu ukaungwa.

JAMBO LA TATU: MIAKA MIWILI

Mtu wa pwani huishi katika miaka miwili, na karo haiujui illa mmoja. Mvuvi hupata katika kaskazi, na kusi ikivuma bahari huchafuka na pato likapungua. Na muhula wa pili huangukia humo humo katika kusi. Basi karo ya muhula huo yafaa itengwe kabla kaskazi haijaisha, wala isingojewe mpaka barua ya skuli ifike.

Tena mwaka wa Kiislamu hutangulia kwa siku kumi au kumi na moja kila mwaka. Mwaka 2030 Ramadhani yatazamiwa kuanza mwanzoni mwa Januari, katika mwezi ule ule wa nusu ya karo. Futari, nguo za Idi na karo zitagonga mlango pamoja. Mwenye kuliona hilo mapema atashona kanzu moja badala ya mbili, na Idi yake haitapungua kitu.

JAMBO LA NNE: DAFTARI MOJA, MACHO MATATU

Hesabu hii iandikwe katika daftari moja, na isomwe na baba, mama na mwana. Wako wababa waonao aibu mwana kujua kipato chao. Matokeo yake ni mawili, na yote ni mabaya: ama mwana hudhani mali haina mwisho, akazua michango isiyokuwapo apate pesa za anasa, ama huuhisi ufukara bila kuambiwa, akaificha barua ya skuli asimhuzunishe baba yake, mpaka siku ya kufukuzwa.

Pesa za mkononi zisitolewe zote kwa siku moja. Mwana apewe kwa mafungu, aandike alivyotumia, na arudipo aonyeshe. Baba asimkaripie kwa shilingi tano za andazi. Kinachotafutwa ni ukweli, kwani anayezoea kuihesabu amana ndogo hatashindwa na kubwa.

JAMBO LA TANO: AKIKWAMA

Mtu akijua hatoweza, na amwendee mkuu wa skuli kabla ya siku ya malipo, amwambie atakacholeta na tarehe yake. Anayekuja mapema husikizwa kuliko anayetafutwa. Akikopa kwa jamaa, mkopo uandikwe pamoja na muda wake na mashahidi, kama ilivyoamrishwa katika aya ya deni ya Suratul Baqara. Kuandikiana si kutoaminiana. Ama mkopo wa riba, huo humtoa mtoto katika shida ya muhula mmoja ukamtia baba katika shida ya miaka.

Na mwenye mali asidhani kwamba karo ya mwanawe, ambaye masurufu yake ni wajibu juu yake, yahesabiwa katika zaka yake. Lakini mtoto wa jirani aliye maskini ana haki katika zaka hiyo. Ampendaye jirani yake huilipa karo hiyo skulini kimya kimya, akampa baba wa mtoto risiti mkononi, bila ya kuitangaza msikitini.

Mwana aliye bwenini hana la kufanya juu ya fedha illa kungoja. Akiitwa katikati ya somo akaambiwa aende kwao, aibu huwa yake, na kosa si lake. Kumkinga na siku hiyo ni kazi ya baba, nayo huanza kwa kalamu na daftari, kabla sanduku halijafungwa.

Wabillahi ttaufiq.