Vyombo vya kujizoeza kusukuma mpira wa gofu, na mambo ambayo mikono inatuambia



Ukurasa huu umezoea kusema juu ya kofia ngumu, vumbi na maji ya kunywa. Leo tunasema juu ya mchezo. Lubumbashi kuna uwanja wa gofu, na mtaa mzima una jina la Golf. Vijana wetu wanabeba mifuko ya fimbo, na wafanyakazi wengine nao wameanza kucheza siku ya mapumziko. Tena kuna sababu ya afya ya kusema juu ya mchezo huu, nayo mtaiona mbele.

Watu wengi wanadhani gofu ni kupiga mpira kwa nguvu uende mbali. Uwanja wa kawaida una mashimo 18 na hesabu ya mapigo 72. Ndani ya mapigo hayo, 36 yamewekwa kwa kusukuma tu, mawili kwa kila shimo. Kusukuma kunafanyika pale karibu na shimo, kwenye majani yaliyokatwa mafupi sana, kwa fimbo ya pekee yenye uso ulionyooka. Hapo nguvu ya mabega haisaidii kitu. Mzee mwembamba anaweza kumshinda kijana anayeinua magunia.

Shimo lina upana wa milimetri 108, na mpira una karibu milimetri 43. Mtu akiona vipimo hivyo anasema ni kazi rahisi. Profesa Mark Broadie wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, alihesabu mapigo ya wachezaji wa kulipwa wa Marekani, na mwaka 2014 alitoa kitabu juu ya hesabu hizo. Wakiwa mbali na shimo kwa metri 1 kasoro kidogo, wachezaji hao wanaingiza mara 96 katika 100. Kwa metri 2 na nusu hivi wanaingiza nusu tu. Kwa metri 6 wanaingiza mara 15 katika 100. Hao ndio mabingwa wanaolipwa kwa kazi hiyo! Basi wewe unayecheza Jumapili usivunje fimbo kwa hasira.

Kitu kinachoamua mpira uende wapi, zaidi ya vingine vyote, ni uso wa fimbo wakati unapogusa mpira. Ukielekea kushoto kidogo, mpira unakwenda kushoto, hata kama mkono ulikwenda vizuri. Shida ni kwamba jicho halioni kosa dogo namna hiyo. Ndiyo maana watu wametengeneza vyombo vya kujizoeza. Madukani vinauzwa kwa bei kubwa, lakini karibu vyote vinaweza kutengenezwa nyumbani.

Chombo ninachokipenda kuliko vyote ni mlango wa misumari miwili. Chukua ubao mwembamba, pigilia misumari miwili iliyosimama, na nafasi ya milimetri 55 katikati yake. Uweke ubao huo mbele ya mpira, umbali wa nusu metri, juu ya mkeka au zulia lililolala sawa. Kama ubao una unene, tumia vijiti viwili vilivyochomekwa kwenye udongo, ili mpira usigonge ukingo. Halafu sukuma mpira upite katikati.

Sasa tufanye hesabu, maana hapa ndipo chombo kinapoonyesha thamani yake. Mlango una milimetri 55, mpira 43. Inabaki milimetri 6 kila upande. Mpira uliopita bila kugusa msumari umepotea milimetri 6 kwa wingi, baada ya nusu metri. Shimo likiwa kwenye metri 3, umbali huo ni mara 6 ya nusu metri, kwa hiyo kosa nalo linakua mara 6: milimetri 36. Nusu ya upana wa shimo ni 54. Maana yake, mahali palipo sawa pasipo mteremko, mpira uliopita mlango ule unafika kwenye shimo, kama mwendo wake ni mzuri. Huna haja ya uwanja, wala shimo la kweli. Nusu metri ya sakafu ya nyumba inakuambia ukweli wa metri 3.

Tiger Woods naye anajulikana kwa zoezi linalofanana na hili. Anachomeka vijiti viwili kando ya kichwa cha fimbo, na fimbo inapita katikati bila kuvigusa. Huo ni mlango wa fimbo. Ule wa kwanza ni mlango wa mpira. Anayeanza atumie kwanza ule wa mpira, kwa sababu ndio unaojibu swali lenyewe.

Juu ya mwendo wa mpira: chora kwa chaki mviringo wa milimetri 108, halafu laza kijiti nyuma yake kwa umbali wa santimetri 43. Kipimo hicho kilitolewa na Dave Pelz, Mmarekani aliyefanya kazi ya fizikia kwenye NASA kabla ya kuingia katika kufundisha gofu. Mpira uliokosa shimo usimame kati ya mviringo na kijiti. Usiofika shimoni hauwezi kuingia, na unaokwenda mbio unaruka ukingo na kutoka.

Uzi uliovutwa kati ya penseli mbili, juu ya mstari wa mpira, unafundisha macho. Kioo kilicholazwa chini kinaonyesha kama macho yako yako juu ya mpira au yamepotea nje. Lakini hapa namsemesha baba wa nyumba: kioo sakafuni na misumari iliyosimama, ndani ya nyumba yenye watoto wanaotembea miguu wazi, ni ajali inayongoja. Gundisha karatasi ngumu nyuma ya kioo, na ukimaliza toa vyote, viweke juu ya kabati. Tumeshona nyayo nyingi za watoto kwa sababu ya vitu vidogo kuliko hivyo.

Sasa jambo ambalo wauzaji wa vyombo hawapendi kulisema. Chombo kinaweza kukuharibu. Mwaka 1984 wataalamu watatu, Salmoni, Schmidt na Walter, walipima uchunguzi mwingi juu ya namna mwili unavyojifunza. Waliona kwamba mtu anayeonyeshwa kosa lake kila mara anafanya vizuri wakati wa mazoezi, lakini akiondolewa msaada anaanguka. Amejifunza kutegemea msaada. Mwenye kujua kuendesha baiskeli kwa kushikwa nyuma tu, hajui baiskeli. Tena sheria za gofu zinakataza kuweka kitu chini cha kukusaidia kusimama au kulenga wakati wa mashindano. Siku hiyo hakuna mlango, hakuna uzi.

Kwa hiyo fanya hivi: sukuma mara 5 kwa mlango, halafu uondoe, sukuma mara 5 bila kitu. Rudia hivyo mara 4. Katika daftari andika tu zile ulizofanya bila msaada.

Dakika 10 au 15 zinatosha. Nasema hivyo kwa ajili ya mgongo. Mtu anayesukuma mpira anainama na kukaa hivyo bila kusogea, na misuli ya kiuno inabeba uzito wa kichwa, mabega na mikono. Kwa mtu aliyekaa kutwa kwenye kaminyo kubwa inayotikisika, au aliyeinua vyuma, mgongo huo umekwisha kuchoka. Inama kutoka kwenye nyonga, magoti yalegee kidogo, usipinde kiuno kama upinde. Fimbo ya mtu mzima ina kawaida ya santimetri 86 hadi 89. Kijana anayejizoeza na fimbo iliyokatwa anaumia bila kujua. Kuokota mpira, piga goti moja. Maumivu yakishuka mguuni, au mguu ukifa ganzi, acha na uje kutuona. Na kama pamoja na hayo mkojo unakataa kutoka au unatoka wenyewe, hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Nakuja kwenye mikono. Kuna ugonjwa wa wachezaji wa gofu unaoitwa yipsi: mtu anataka kusukuma polepole, na mkono unaruka wenyewe. Jina hilo linasemwa kuwa la Tommy Armour, bingwa wa zamani. Bernhard Langer wa Ujerumani aliteswa nao, akabadilisha namna ya kushika fimbo, na alishinda mashindano makubwa ya Masters mwaka 1985 na 1993. Kwa wengine chanzo ni woga, kwa wengine ni mishipa ya fahamu inayotoa amri vibaya.

Lakini si kila mkono unaotetemeka ni yipsi. Dawa ya pumu kama salbutamol inatetemesha mikono. Pombe ya jana inatetemesha. Njaa kwa mgonjwa wa kisukari anayetumia dawa inatetemesha, na huyo apewe sukari upesi.

Na kuna wale wa mashine za kutoboa mwamba. Mwaka 1918 daktari Alice Hamilton alichunguza wakata-mawe wa Bedford, jimbo la Indiana, Marekani, waliotumia nyundo za hewa. Aliona vidole vyao vinakuwa vyeupe kama vya maiti wakati wa baridi, na vinakosa hisia. Ugonjwa huo uko hata leo popote mashine inapotikisa mkono. Kwanza ni ganzi na kuchomachoma kwenye ncha za vidole. Halafu weupe, zaidi asubuhi za baridi za Juni na Julai. Halafu mtu anashindwa kufunga kifungo cha shati. Mchezo wa kusukuma unatumia ncha za vidole kuliko nguvu, kwa hiyo mtu anaweza kugundua hapo kwanza: fimbo haisikiki mkononi, mpira unakwenda mbali bila yeye kutaka.

Tunajua kwa nini wengine wananyamaza. Wanaogopa kuondolewa kwenye mashine na kupoteza posho. Lakini hisia iliyopotea kwa muda mrefu inaweza isirudi tena, na mkono usiosikia unaweza kuingia kwenye mashine. Ukija mapema, kuna mambo ya kufanya: kupunguza saa za mashine, kubadilishana na mwenzako, kutunza mashine isitikise kupita kiasi, kuvaa vizuri mikono isipate baridi, kuacha sigara kwa sababu zinabana mishipa ya damu.

Katika lile daftari lako la mazoezi, fungua ukurasa mwingine. Chora mikono yako miwili, tia alama kwenye vidole vinavyokufa ganzi au vinavyokuwa vyeupe, andika saa, na mashine uliyoshika siku hiyo na kwa muda gani. Uje na daftari hilo dispensari baada ya zamu.