Askari Mstaafu Mwenye Ulemavu na Umri wa Pensheni Jamii: Maelezo kwa Wakaazi wa Bububu

Kijitabu hiki kimetayarishwa kutokana na malalamiko ya askari wa zamani wenye ulemavu, hasa waliopigana Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, ambao humwendea sheha, yaani mtendaji wa Serikali katika shehia, kudai malipo ya jeraha la vitani na, wakirudi mikono mitupu, huamini kuwa wamedhulumiwa. Ulinzi ni jambo la Muungano. Kwa hiyo pensheni ya askari wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) na fidia ya ulemavu alioupata kazini hufuatiliwa kwa mamlaka za ulinzi za Serikali ya Muungano, na hakuna sheha wala baraza la manispaa lenye fungu la kuzilipa.

Kazi ya sheha ni nyingine: huthibitisha ukaazi wa anayeomba Pensheni Jamii, ambayo ni malipo ya kila mwezi wanayopewa wazee wa Zanzibar bila ya kujali kama waliwahi kuajiriwa. Mpango huo, ambao Serikali ya Mapinduzi huugharimia kwa fedha zake yenyewe, ulianza Aprili 2016 kwa shilingi 20,000, na kiwango kikapandishwa baadaye hadi 50,000. Mwombaji awe na kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi na awe ametimiza miaka 70. Masharti yaliyobaki ataelezwa wakati wa kusajiliwa.

Umri ndio unaowaponza wengi. Ulemavu, hata uwe mzito namna gani, haupunguzi miaka hiyo 70, na askari aliyezaliwa 1958, akaenda Kagera akiwa na miaka 20, huifikia mwaka 2028. Hapo ndipo vishoka, yaani watu wanaojifanya mawakala wa ofisi, hupata mwanya, kwani humwahidi mzee asiye na cheti cha kuzaliwa kwamba watamwongezea miaka, wakachukua fedha zake pamoja na hati zake halisi. Mzee asikubali. Kughushi umri ni kosa la jinai, na kumbukumbu za jeshi zina mwaka wa kuzaliwa alioutaja mwenyewe siku ya kuandikishwa, hivyo mwaka mpya ukipingana na ule wa zamani, pensheni ya jeshi nayo huweza kuingia mashakani. Inarudiwa tena, kwa kuwa onyo hili hupuuzwa: umri usibadilishwe, na hati ya kuachishwa jeshi isikabidhiwe mtu yeyote wa mtaani, awe jirani au jamaa, bali itolewe nakala na hati yenyewe ibaki nyumbani.

Ambaye hajatimiza 70 na ulemavu wake umemzuia kujikimu apeleke ombi lake la msaada kwa Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu, Zanzibar. Anayemjua kishoka, hata kama ni mtu wa nyumbani kwake, amripoti kwa sheha au katika Kituo cha Polisi Bububu.