Utulivu Wakati wa Pigo la Mwisho: Somo Kutoka Gofu ya Kompyuta

Mchezo wa gofu una tabia moja inayoutofautisha na kandanda, ngumi au mbio: mpira umetulia. Hakuna beki anayeuziba njia, wala mchezaji hafukuzwi na mtu. Hata hivyo, ni katika mchezo huu ambapo watu wenye ustadi mkubwa wameonekana mara nyingi wakishindwa kufanya jambo walilokwisha kulifanya maelfu ya mara. Mwaka 1996, katika mashindano ya Masters huko Augusta, Marekani, Greg Norman wa Australia aliianza siku ya mwisho akiwa mbele kwa mapigo 6. Siku hiyo alitumia mapigo 78. Nick Faldo wa Uingereza akatumia 67, na Norman akashindwa kwa mapigo 5.

Tabia hiyo ya gofu haikubaki viwanjani. Siku hizi gofu huchezwa pia kwa kompyuta na kwa simu, na watu wawili walio katika nchi mbalimbali huweza kushindana kwa njia ya intaneti. Hapa hakuna jua wala nyasi, na badala ya fimbo kuna kidole tu. Lakini moyo hudunda vile vile, viganja hutoka jasho vile vile, na pigo jepesi la mwisho hukosewa vile vile. Mchezaji aliyekosa huambiwa na wenzake kwamba “hana moyo”. Kijana akiambiwa hivyo mara tatu nne huamini, na huenda akaibeba imani hiyo mpaka katika chumba cha mtihani.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kauli hiyo haina msingi wa kisayansi. Shinikizo la mashindano huharibu kazi mbili tofauti za akili, tena kwa njia mbili tofauti. Mwenye kuzitenganisha kazi hizo anaweza kujizoeza utulivu, kama anavyojizoeza jambo jingine lolote.

1. Pigo la gofu katika kompyuta

Kwanza yafaa tuelewe jinsi pigo linavyopigwa. Mwaka 1984 kampuni ya Nintendo ya Japani ilitoa mchezo ulioitwa Golf, ambao ulitumia mstari wa kupimia nguvu na unyofu wa pigo. Mchezaji hubonyeza kitufe mara ya kwanza, na alama huanza kusafiri juu ya mstari. Hubonyeza mara ya pili kuchagua nguvu. Hubonyeza mara ya tatu alama irudipo mahali palipowekwa, ili mpira uende moja kwa moja. Akiwahi, mpira huenda upande mmoja. Akichelewa, huenda upande wa pili. Michezo mingi iliyofuata imerithi utaratibu huo au imeugeuza kidogo. Katika Golf Clash, mchezo wa simu uliotolewa mwaka 2017, mchezaji huuvuta mpira nyuma kwa kidole, kisha huuachia wakati mshale unaoyumba unapopita katikati.

Tukilitazama pigo hili kwa makini tutaona kwamba lina kazi mbili. Ya kwanza ni kupanga: kuna umbali gani, upepo unavuma wapi na kwa nguvu gani, ardhi imeinama upande upi, na fimbo ipi inafaa. Hii ni kazi ya kufikiri na kuhesabu. Ya pili ni kutenda: kubonyeza kwa wakati wake. Skrini inayoonyesha picha 60 kwa sekunde hubadilisha picha kila baada ya sehemu 17 hivi za elfu ya sekunde. Kwa hiyo kidole kilichokosea kwa picha tatu tu kimekosea kwa sehemu 50 za elfu ya sekunde, muda ambao ni mfupi kuliko kupepesa jicho. Hakuna anayeweza kuyahesabu hayo kwa mawazo. Ni mazoezi yaliyouzoesha mkono.

2. Mwili unapobanwa

Mwanafiziolojia Walter Cannon wa Chuo Kikuu cha Harvard alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1915 jinsi mwili wa mnyama unavyojitayarisha kupigana au kukimbia unapokabiliwa na hatari. Tezi zilizo juu ya mafigo humimina adrenalini katika damu. Moyo huenda mbio, pumzi huwa fupi, na damu hupelekwa kwa wingi kwenye misuli mikubwa. Matayarisho hayo humfaa sana mtu aliyekutana na simba. Hayamfai mtu anayetaka kugusa skrini kwa wakati maalumu, kwa sababu adrenalini hiyo hiyo huzidisha mtetemeko wa vidole. Ndiyo maana dawa zinazozuia kazi ya adrenalini katika moyo zimepigwa marufuku katika mashindano ya gofu ya kimataifa. Hizo ni dawa za wagonjwa, na mtu asizimeze bila ya amri ya daktari.

Lakini msisimko wenyewe si adui. Mwaka 1908 Robert Yerkes na John Dodson waliwafundisha panya kuchagua kati ya visanduku viwili, na panya aliyekosea alipata mshtuko mdogo wa umeme. Kazi ilipokuwa rahisi, mshtuko mkali uliharakisha kujifunza. Kazi ilipokuwa ngumu, mshtuko wa wastani ndio uliofaa zaidi. Kwa hiyo anayetaka kuufuta msisimko wote anajitaabisha bure. Linalotakiwa ni kuuweka katika kiasi chake.

3. Kwa nini fundi hukosea

Hapa ndipo kiini cha somo letu. Fikiri juu ya mama anayesuka ukili huku akizungumza na wageni. Vidole vyake vinakwenda bila ya kuangaliwa. Sasa mwombe aeleze, huku akisuka, ni chane ipi inayopita juu na ipi inayopita chini kila mara. Mara atasita, na huenda akakosea. Hakupungukiwa na ufundi. Ila kazi iliyokuwa imekwisha kukabidhiwa mikono imenyang’anywa na mawazo, nayo mawazo hayaiwezi kwa kasi ile.

Mtu aliye katika shinikizo hujifanyia hivyo mwenyewe. Kwa kuwa pigo ni muhimu, huanza kukiangalia kidole chake. Mwanasaikolojia Roy Baumeister alilieleza jambo hili mwaka 1984, na gofu imekuwa uwanja mzuri wa kulipima. Mwaka 1992 Richard Masters wa Uingereza alichapisha jaribio ambalo ndani yake wanagenzi walifundishwa kuusukumia mpira shimoni. Kundi moja lilipewa maelezo marefu ya namna ya kupiga. Kundi jingine halikupewa maelezo, tena lilitakiwa kutaja herufi ovyo ovyo wakati wa mazoezi, ili mawazo yasipate nafasi ya kutunga kanuni. Makundi hayo yalipotiwa katika shinikizo, lile lililojaa kanuni ndilo lililotatizika. Lile jingine liliendelea kuwa bora.

Mwaka 2001 Sian Beilock na Thomas Carr walionyesha jambo la faraja zaidi. Watu waliofanya mazoezi yao mbele ya kamera, huku wakijua kwamba wanatazamwa, hawakuharibikiwa siku ya shinikizo. Wale waliozoea kupiga bila ya kutazamwa waliharibikiwa. Na katika utafiti wa mwaka 2004, Beilock na wenzake waliona kwamba wachezaji stadi walipoambiwa wapige upesi walifanya vizuri kuliko walipoambiwa wawe waangalifu. Kwa wanagenzi ilikuwa kinyume. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Kwa mwanagenzi msemo huo ni wa kweli kabisa. Kwa fundi aliyekwisha kupanga pigo lake, kukawia ndiko kunakoondoa baraka.

Lakini tusisahau ile kazi ya kwanza. Upangaji hutegemea kumbukumbu tendaji, yaani ile sehemu ndogo ya akili inayoshika hesabu wakati mtu anafikiri. Wasiwasi nao hukaa humo humo. Mchezaji anayejiuliza, “Nikikosa watasema nini?” amekwisha kutoa nusu ya chumba kwa mgeni asiyealikwa, hapo husahau upepo au huchagua fimbo isiyofaa. Katika kupanga, basi, kosa hutokana na mawazo ya kazi kupungua. Katika kupiga, kosa hutokana na mawazo hayo kuzidi. Mshauri anayemwambia mchezaji “tuliza akili” bila ya kutofautisha mambo haya hamsaidii sana.

4. Hofu ya kupoteza

Gofu ya intaneti huongeza mizigo miwili. Wa kwanza ni kusubiri. Mchezaji humtazama mpinzani akipiga, na katika nafasi hiyo wasiwasi hupata wakati wa kukua. Wa pili ni dau. Katika Golf Clash kila mmoja huweka sarafu za mchezo, na mshindi huzichukua zote; na sarafu hizo huweza kununuliwa kwa fedha za kweli.

Binadamu huumizwa na hasara kuliko anavyofurahishwa na faida ya kiasi hicho hicho. Devin Pope na Maurice Schweitzer walichunguza mapigo zaidi ya milioni 2.5 ya wachezaji wa gofu wa kulipwa wa Marekani, na mwaka 2011 wakaeleza kwamba wachezaji hao hufaulu zaidi wanapopiga ili wasiongeze pigo juu ya idadi iliyokadiriwa kwa shimo, kuliko wanapopiga pigo linalofanana na hilo ili kupunguza moja. Tofauti ilikuwa kama asilimia mbili hivi. Mabingwa wenyewe, basi, huhesabu hasara kwa mizani tofauti.

Hatari kubwa huja baada ya kushindwa. Wachezaji hutumia neno “tilti”, lililotoka katika mashine za pinboli ambazo hujifunga mchezaji anapozitikisa kwa hasira. Mtu aliye katika hali hiyo hucheza tena papo hapo, kwa dau kubwa zaidi, ili arudishe alichopoteza. Hasira hasara: mwili bado umejaa adrenalini, kumbukumbu tendaji imejaa uchungu, naye amejitakia shinikizo kubwa kuliko lile lililomshinda.

5. Namna ya kujizoeza

Kutokana na hayo tunaweza kupata kanuni chache.

(a) Tenganisha kupanga na kupiga. Maliza hesabu zote kwanza: upepo, mwinamo, fimbo, shabaha. Kisha vuta pumzi moja, itoe polepole, na piga bila ya kurudi kwenye hesabu. Kama shaka imeingia na muda ungalipo, anza upya tangu mwanzo. Usipige nusu ukipanga.

(b) Toa pumzi kwa muda mrefu kuliko unavyoivuta. Moyo hupunguza mwendo kidogo kila tunapotoa pumzi, kwa kazi ya neva inayotoka katika ubongo hadi moyoni. Fanya hivyo wakati mpinzani anapiga, ili muda wa kusubiri uwe wa faida.

(c) Wakati wa kupiga, tazama mahali alama itakapofika. Usikitazame kidole.

(d) Usipigane na msisimko. Upe jina jingine. Mwaka 2014 Alison Wood Brooks wa Harvard alichapisha majaribio ambayo katika mojawapo watu waliimba mbele ya mashine ya mchezo iliyopima usahihi wa sauti. Waliotakiwa kusema kwamba wamechangamka waliimba vizuri kuliko waliotakiwa kusema kwamba wana wasiwasi.

(e) Jizoeze ukitazamwa. Mazoezi ya faraghani hujenga mkono. Mazoezi mbele ya watu huuzoesha mkono huo macho ya watu.

(f) Weka mpaka kabla ya kuanza. Kwa mfano: ukishindwa mara mbili mfululizo, weka simu chini, ondoka ulipoketi, rudi baadaye. Mpaka huo uwekwe wakati akili imetulia, kwa maana baadaye hautawekeka.

6. Jaribio kwa msomaji

Msomaji anaweza kuyahakiki haya mwenyewe. Chagua pigo moja fupi katika sehemu ya mazoezi ya mchezo wowote wa gofu. Siku ya kwanza piga mara 20 ukiwa peke yako. Siku ya pili na ya tatu piga mara 20 mbele ya rafiki wawili, kwa ahadi kwamba ukikosa zaidi ya mara tano utawanunulia chai. Siku ya nne piga tena peke yako. Mpangilio huu unazuia faida ya mazoezi isielemee upande mmoja. Tumia simu ile ile na saa ile ile ya siku. Kwa kila pigo andika mambo mawili: umefaulu au umekosa, na kama umekosa, uliwahi au ulichelewa.

Jumlisha siku za upweke pamoja, na siku za kutazamwa pamoja. Tofauti ya pigo moja au mawili isikushughulishe, kwani hiyo huweza kuwa bahati tu. Kisha fanya mazoezi ya wiki mbili ukitazamwa, na urudie jaribio zima. Ukiona pengo limepungua, umepata ushahidi kwa mkono wako mwenyewe.

Yaliyoelezwa hapa hayahusu gofu peke yake. Mwanafunzi aliye mbele ya hesabu anayoijua, muuguzi anayetafuta mshipa huku jamaa za mgonjwa wakimtazama, na dereva anayejifunza mlimani, wote wana kazi ya kupanga na kazi ya kutenda. Mmoja wao anapokosea, mwalimu wake asimpime moyo. Amwulize kwanza: ulikosea kabla ya kuanza, au mkononi? Jibu la swali hilo ndilo litakaloonyesha ni zoezi gani linalomfaa.