Kuhama, Kuhamia na Kurudi: Lugha ya Familia Inayotoka Jijini Kwenda Kijijini

Utangulizi

Mnamo Machi 2020 shule zote nchini Kenya zilifungwa kutokana na maradhi ya Covid-19, na tarehe 6 Aprili mwaka huo serikali ikapiga marufuku usafiri wa kuingia na kutoka eneo la Nairobi. Marufuku hayo yalipoondolewa tarehe 7 Julai, familia nyingi ambazo zilikuwa zimeshindwa na kodi ya nyumba zilifunga virago. Kazi zilikuwa zimepotea, nazo shule hazikutarajiwa kufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2021. Katika mazungumzo ya kawaida tukio hilo lilielezwa kwa kauli moja: watu "wamerudi nyumbani".

Kauli hiyo inastahili kutiliwa shaka. Kitenzi "rudi" kinadai kwamba mtendaji aliwahi kuwapo mahali anapoelekea. Kwa mzazi aliyezaliwa Vihiga au Makueni na kuja Nairobi kutafuta kazi, dai hilo ni la kweli. Kwa mtoto aliyezaliwa katika hospitali ya jijini, akalelewa katika mtaa kama Umoja au Kayole na kukiona kijiji cha babu yake siku chache za Desemba, dai hilo ni la uongo. Yeye harudi, anakwenda. Makala haya yanashikilia kwamba pengo lililopo kati ya vitenzi hivyo viwili ndipo lugha ya mtoto inapopuuzwa, na kwamba wataalamu wa Kiswahili wana la kusema kuhusu suala hili ambalo aghalabu limeachiwa wanauchumi.

Mnyambuliko wa kitenzi "hama"

Ni vyema kuanza na sarufi. Shina "hama" katika kauli ya kutenda huelekeza macho kwenye mahali panapoachwa: familia imehama Nairobi. Katika kauli ya kutendea, macho hugeuka: familia imehamia Vihiga. Kiambishi kimoja kidogo, -i-, kinatosha kubadilisha hadithi ya kupoteza ikawa hadithi ya kupata. Si ajabu basi kwamba mzazi anayejisifu kwa uamuzi wake husema "tumehamia", ilhali jirani anayebaki mtaani husema "wamehama". Nacho Kiswahili kina jina la kile kinachobaki nyuma: hame, yaani mahali palipoachwa na wakazi wake. Anayehamia ana makao. Anayehama huacha hame.

Kauli ya kutendesha ndiyo yenye uzito zaidi katika mjadala huu. Baba ameihamisha familia. Hapa familia, ambayo ilikuwa kiima katika sentensi zilizotangulia, imeshushwa ikawa shamirisho kipozi. Katika kauli ya kutendwa, watoto wamehamishwa, na mtendaji anaweza hata kutotajwa. Kwa yamkini hii ndiyo sentensi iliyo karibu zaidi na ukweli wa nyumba nyingi: uamuzi hufanywa usiku baina ya watu wazima, mara nyingine na mtu mzima mmoja tu, na mtoto huarifiwa mizigo ikiwa imekwisha fungwa. Aidha, mara nyingi baba mwenyewe hahami. Humhamishia mama na watoto kijijini kisha akabaki jijini katika chumba kimoja, akituma pesa kwa simu. Sentensi "familia yetu imehamia kijijini" husitiri mgawanyiko huo.

Kuna jambo jingine dogo la kimaana. Kitenzi "rudi", chenye asili ya Kiarabu, kinapopewa kiambishi cha mtendwa hupata maana ya kutia adabu: kumrudi mtoto. Maana hizo mbili hazipaswi kuchanganywa kileksika, lakini katika malezi ya mijini huwa karibu sana. Mtoto mtundu hutishwa kwamba atapelekwa ushago. Mtoto aliyetishwa hivyo kwa miaka kumi hawezi kulaumiwa akiona safari hiyo kuwa adhabu.

Mji, jiji na kijiji

Wanafunzi wa ngeli wanafahamu kwamba nomino zenye mzizi wa silabi moja huchukua ji- katika ukubwa na kiji- katika udogo: mto, jito, kijito, mti, jiti, kijiti. Vivyo hivyo mji, jiji, kijiji. Kwa hiyo jiji na kijiji ni watoto wa neno moja, na sarufi tayari imekwisha toa hukumu kwamba kimoja ni kikubwa na kingine ni kidogo.

Hata hivyo, neno "mji" lina udugu na maneno ya lugha jirani ambayo hayana maana ya mkusanyiko wa maduka na barabara. Katika Kikuyu, mũciĩ ni boma, nyumbani kwa mtu. Katika Kikamba, mũsyĩ ni vivyo hivyo. Mkamba anayeondoka Nairobi kwenda Makueni anaelekea mũsyĩ, lakini akilisema jambo hilo kwa Kiswahili hana budi kusema anatoka mjini. Neno lile lile la kale limeishia pande mbili za safari moja.

Sheng nayo ina "ushago", neno ambalo wengi hulinasibisha na gĩcagi la Kikuyu, lenye maana ya kijiji. Linafaa kuangaliwa kwa makini, kwa kuwa vijiji vingi vilivyoitwa hivyo katika Mkoa wa Kati havikuwa vya kale hata kidogo. Vilianzishwa na serikali ya kikoloni kuanzia 1954, wakati wa Hali ya Hatari, ambapo zaidi ya watu milioni moja walihamishwa kwa nguvu kutoka kwenye maboma yao yaliyotawanyika. Kijiji kinachowazwa leo kuwa chimbuko la mababu kinaweza kuwa na umri mdogo kuliko nyanya anayeishi humo.

Nyumba na nyumbani

Kiswahili huunda neno "nyumbani" kwa kuongeza kiambishi tamati -ni cha mahali kwenye "nyumba". Lugha nyingine za Kenya hutumia maneno mawili tofauti. Katika Dholuo, ot ni nyumba, na dala ni nyumbani, boma lililoanzishwa kwa taratibu za kimila. Tofauti hii iliwahi kufikishwa mahakamani. Wakili S. M. Otieno alipofariki tarehe 20 Desemba 1986, mjane wake, Wambui Otieno, alitaka kumzika katika shamba lao karibu na Nairobi, nao ukoo wa Umira Kager ukataka azikwe Nyalgunga, Siaya. Sehemu muhimu ya hoja ya ukoo ilikuwa kwamba Mjaluo anayeishi Nairobi ana nyumba tu huko. Nyumbani kwake ni kule alikozaliwa. Ukoo ulishinda, na Otieno akazikwa Nyalgunga tarehe 23 Mei 1987. Kesi hiyo husomwa zaidi katika sheria na anthropolojia, lakini ni kesi ya semantiki vilevile: ilihitaji kuamua kama -ni inaweza kuongezwa kwenye nyumba yoyote.

Mizizi ya tofauti hiyo si ya kimila pekee. Nairobi ilianza mwaka 1899 kama kituo cha reli, na kwa miongo mingi utawala wa kikoloni ulimhesabu Mwafrika jijini kuwa mfanyakazi wa muda. Kipande, kilichoanza kutumika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kilidhibiti mwendo wa mwanamume, naye mke na watoto wakatarajiwa kubaki katika eneo lililotengewa kabila lao. Chumba cha jijini hakikukusudiwa kuwa nyumbani kwa yeyote. Mazoea ya kuigawa familia baina ya jiji na kijiji yalianza kama amri ya serikali kabla ya kupambwa na methali.

Methali zenyewe zipo. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, husemwa, na mkataa kwao ni mtumwa. Methali ya kwanza ni ya mabaharia, na ngama ni sehemu ya ndani ya chombo; anayerejea huko alianzia huko. Haimhusu mtu aliyezaliwa kwenye tezi.

"Kwenu ni wapi?"

Viwakilishi vimilikishi vya mahali vinabeba mzigo mkubwa. Mtu mzima jijini hutofautisha "kwangu" na "kwetu" bila kufikiri: kwangu ni Umoja, kwetu ni Siaya. Umoja wa nafsi huashiria makao aliyojitafutia. Wingi wa nafsi huashiria asili anayoshiriki na wengine. Mtoto hana "kwangu", kwa kuwa hajajitafutia makao. Ana "kwetu" tu, na kwetu hiyo ni mtaa wa jijini. Anapoulizwa kijijini "Kwenu ni wapi?" na kujibu "Nairobi", huchekwa au hurekebishwa, ilhali kisarufi na kihalisi amejibu sawasawa.

Suala hili si la kuchekesha kila mara. Katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, mamia ya maelfu ya Wakenya walifukuzwa makwao, wengi katika Bonde la Ufa, wakiambiwa "warudi kwao". Baadhi yao walikuwa wamezaliwa hapo walipofukuzwa. Watoto walipelekwa katika wilaya za mababu ambazo hawakuwa wamewahi kuzikanyaga, na safari hiyo pia ikaitwa kurudi. Mwalimu anayefundisha ngeli ya PA-KU-MU nchini Kenya anafundisha viambishi ambavyo vimewahi kutumiwa kumwondoa mtu kwenye ardhi yake.

Mtoto, nyanya na mwalimu

Mgogoro mkubwa wa familia iliyohamia kijijini hutokea jikoni na darasani. Nyanya huzungumza Lulogooli. Mjukuu hujibu kwa Kiswahili cha Nairobi. Kila mmoja huelewa kiasi fulani cha maneno ya mwenzake, na mazungumzo huendelea kwa lugha mbili. Nyanya huona kiburi pasipo na kiburi. Mtoto naye huona ukali, kwa sababu lugha asiyoijua vyema humfikia zaidi kupitia amri: leta, ondoka, chota. Utani na hadithi huchelewa. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Lakini anayepewa jembe huhitaji pia kupewa neno la kulitaja.

Shuleni hali ni tata zaidi. Tangu ripoti ya tume ya Gachathi ya 1976, sera imekuwa kwamba lugha ya eneo la shule itumike kufundishia katika madarasa ya chini. Sera hiyo ni nzuri kwa mtoto wa kijiji. Haikumwazia mtoto anayefika darasa la pili akiwa na Kiswahili pekee, ambacho ndicho lugha yake ya kwanza. Istilahi "lugha ya mama" humtatiza pia: mama yake alikuwa na lugha hiyo lakini hakumpa, mara nyingi kwa sababu baba alikuwa na nyingine.

Ungetarajia kwamba saa ya somo la Kiswahili ingekuwa faraja yake. Aghalabu sivyo. Mtoto wa jijini husema kwa wepesi "viatu zangu" na "kitu ingine", na kalamu nyekundu humngoja. Mwenzake wa kijijini huandika "viatu vyangu" bila kosa kwa kuwa alikikuta Kiswahili kitabuni, ingawa huona haya kukizungumza. Mwalimu humtuza wa pili na kumkaripia wa kwanza. Hukumu hiyo ni ya haraka mno. Upatanisho wa kisarufi unaweza kufundishwa kwa muhula mmoja au miwili. Ufasaha wa masikio na ulimi, uwezo wa kubishana, kusimulia na kufanya mzaha kwa Kiswahili, haupatikani kwa mazoezi ya ubaoni. Darasa lenye watoto wa aina zote mbili lina utajiri ambao mwalimu mwerevu angeutumia kwa kuwaketisha pamoja.

Upande wa msamiati, kijiji kina deni la kulipa kwa furaha. Kwa miaka mingi watahiniwa wa KCPE, mtihani uliofanywa kwa mara ya mwisho 2023, walikariri kwamba mtoto wa punda ni kiongwe na wa nyuki ni jana. Mtoto wa Kayole aliyajua maneno hayo bila kuwahi kumgusa punda. Kijijini hukutana na mtamba, ng'ombe jike ambaye hajazaa, na kwa mara ya kwanza neno la mtihani hupata pembe na harufu. Ni bahati mbaya kwamba wenyeji wake hawalitumii neno hilo, wakiwa na lao.

Fasihi imewahi kulitazama jambo hili, japo kwa jicho la mtu mzima. Kazimoto katika Kichwamaji (1974) ya Euphrase Kezilahabi ni msomi anayerudi kijijini na kushindwa kupatana nacho; yeye, angalau, alizaliwa huko. Kongowea katika Siku Njema (1996) ya Ken Walibora yuko karibu zaidi na mtoto anayezungumziwa hapa: amelelewa Tanga, kisha anamtafuta baba yake Kitale, mahali asipopajua. Kiswahili chake huheshimiwa anakopita. Mtoto wa Nairobi hana bahati hiyo, kwa kuwa chake huitwa Sheng hata pale ambapo si Sheng.

Utafiti wa nyanjani kuhusu watoto hawa hauhitaji fedha nyingi. Wanafunzi wengi wa vyuo vikuu huenda mashambani kila likizo, na wanaweza kusikiliza kama mtoto aliyehamishwa hukiita kijiji "huku", "kule" au "hapa", na baada ya miezi mingapi kiambishi hubadilika. Wasikilize pia anavyomwita nyanya yake: kama ni "shosho" aliyokuja nayo kutoka mtaani, au ni neno ambalo nyanya mwenyewe angelichagua.